Kisu, Subira na Haki ya Mzazi

Wazee wa Pwani waliacha methali mbili ambazo zikiwekwa sahani moja hugombana. Ya kwanza husema subira huvuta heri. Ya pili huonya kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Katika mambo mengi ya maisha ugomvi huu hauleti madhara. Mtu huchukua methali inayomfaa siku hiyo, na hakuna amwulizaye mbona jana alisema nyingine. Lakini upo mlango mmoja ambapo methali hizi hukutana uso kwa uso kila usiku, na mwenye kuchagua vibaya kati yake huweza kupoteza roho ya mtu, au mbili. Mlango huo ni wa wodi ya wazazi. Hapo tumbo si la methali tena. Kuna mwanamke amelala, uchungu unamjia na kumwacha, na kando yake amesimama mtu mwenye elimu anayepaswa kuamua: angoje, au atie mkono?

Kutia mkono kuna namna nyingi. Kuna dripu ya dawa ya kuongeza uchungu. Kuna kupasua chupa ya maji kabla haijapasuka yenyewe. Kuna kuongeza njia kwa mkasi, na kuna kumvuta mtoto kwa kifaa kinachoshika kichwa. Mwisho wa yote kuna kupasua tumbo. Kila kimoja kati ya vitendo hivyo kimeokoa watu wasiohesabika, na kila kimoja kimefanywa pia kwa watu ambao hawakukihitaji. Hapo ndipo linapoanzia swali la maadili.

Na wachukuliwe, kwa mfano, wanawake wawili. Umri wao ni mmoja, mimba ni ya kwanza kwa kila mmoja, afya zao ni njema, miezi imetimia, na kila mmoja amebeba mtoto mmoja aliyetanguliza kichwa. Usiku mmoja wote wawili wanashikwa na uchungu, na kila mmoja anapelekwa hospitali iliyo karibu naye. Wa kwanza anahimizwa atembee, anasuguliwa mgongo, anapewa maji ya kunywa, na kabla ya jua kupanda amejifungua kwa njia ya kawaida. Wa pili anaambiwa usiku wa manane kwamba njia haifunguki upesi inavyotakiwa. Anatiwa dripu, uchungu unazidi nguvu, mapigo ya moyo wa mtoto yanatia wasiwasi, na kabla ya adhuhuri tumbo lake limepasuliwa. Miili yao haikutofautiana. Kilichotofautiana ni lango waliloingilia. Je, hilo ni haki?

Mfano huo ni wa kubuni, ila jambo lenyewe si la kubuni. Nchini Marekani, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 uliangalia hospitali 593 kwa kutumia takwimu za mwaka 2009. Katika hospitali moja waliozaa kwa kupasuliwa walikuwa asilimia 7 ya wazazi wote; katika nyingine walikuwa karibu asilimia 70. Watafiti walijua kwamba hospitali nyingine hupokea wagonjwa wazito zaidi, kwa hiyo wakawatenga wanawake wasio na hatari kubwa na kuwahesabu peke yao. Tofauti haikupungua, iliongezeka. Miongoni mwa wanawake hao, kiwango kilianzia chini kidogo ya asilimia 3 hadi kufikia asilimia 36. Ni nchi moja, vitabu vya udaktari ni vile vile, mitihani ni ile ile, na bado mwanamke mwenye afya anaweza kukutana na kisu mara kumi na tano zaidi kwa sababu tu ya jengo aliloingia.

Mwanzo wa kisa hiki ni wa zamani kuliko wanavyodhani wengi. Katika miaka ya 1840 Hospitali Kuu ya Vienna ilikuwa na kliniki mbili za uzazi zilizokaribiana. Ya kwanza ilikuwa ya madaktari na wanafunzi wao, ya pili ilikuwa ya wakunga. Wazazi waligawanywa kufuatana na siku ya kuingia, yaani kwa bahati tu. Kati ya mwaka 1841 na 1846, katika kliniki ya madaktari walikufa karibu wanawake 10 katika kila 100. Katika ile ya wakunga hawakufika 4. Mji mzima ulijua. Wanawake walipiga magoti wakiomba wasipelekwe kliniki ya kwanza, na wapo waliojifungulia njiani kuliko kuingia humo. Wasomi walitafuta sababu hewani, katika msongamano, hata katika haya ya wanawake. Ignaz Semmelweis, daktari kijana wa hapo, aliitafuta sababu mahali pengine. Mwaka 1847 mwenzake alichomwa kwa kisu akifundisha juu ya maiti, akafa kwa ugonjwa uliofanana na ule wa wazazi. Semmelweis akaelewa kwamba madaktari walitoka chumba cha maiti na kuingia chumba cha wazazi wakiwa na mikono ile ile. Akaamuru mikono ioshwe kwa maji ya klorini. Mwezi Aprili mwaka huo vifo vilikuwa zaidi ya 18 kwa kila 100. Mwezi Juni vilishuka hadi karibu 2.

Historia humkumbuka Semmelweis kwa ajili ya kunawa mikono. Lakini lipo funzo jingine ambalo hutajwa mara chache. Asingegundua chochote lau isingekuwako kliniki ya pili ya kulinganisha nayo. Tofauti baina ya nyumba mbili ndiyo iliyosema yale ambayo nyumba moja peke yake isingeyasema. Kliniki ya kwanza, kwa macho yake yenyewe, ilikuwa ikifanya kazi kwa bidii na kwa elimu ya wakati wake. Wanawake waliopiga magoti mlangoni walikuwa wameona ukweli kabla ya maprofesa, ingawa hawakuwa na lugha ya kuueleza. Kwa hiyo yeyote anayepuuza manong'ono ya wazazi kuhusu hospitali gani iogopwe na ipi itafutwe, na akumbuke kwamba Vienna walinong'ona vivyo hivyo.

Hata hivyo, tofauti ni shahidi, haijawa hakimu. Hospitali kubwa ya rufaa hupelekewa mama mwenye kifafa cha mimba, mama ambaye kondo limeziba njia, mama aliyekwisha pasuliwa mara mbili. Ikiwa hospitali hiyo hupasua zaidi kuliko kituo cha kijijini, hakuna cha kushangaza wala cha kulaumu. Ndiyo maana mwaka 2001 daktari Michael Robson alipendekeza wazazi wagawanywe katika makundi kumi: kama mama amewahi kuzaa au la, kama ana kovu, kama uchungu ulianza wenyewe, mtoto amekaaje, ni mmoja au zaidi, na miezi imetimia au haijatimia. Shirika la Afya Duniani lilikubali utaratibu huo mwaka 2015. Wale wanawake wawili wa mfano wangekuwa kundi moja, la kwanza kabisa. Kulinganisha hospitali kwa makundi hayo ni kulinganisha chungwa na chungwa.

Falsafa ina kanuni kongwe inayofaa hapa, nayo inatokana na Aristotle: walio sawa watendewe sawa, na wasio sawa watendewe kwa kadiri ya tofauti yao. Kanuni hiyo haidai kwamba kila mzazi apate huduma ya namna moja. Inadai kwamba, pale huduma zinapotofautiana, tofauti hiyo iwe imetokana na wazazi wenyewe. Yaani sababu ya kisu itafutwe katika mwili wa mama au wa mtoto. Ikipatikana huko, kisu ni rehema. Ikipatikana kwingine, kuna mtu ametumia mwili wa mwingine kutatua shida isiyo ya mwili huo.

Na kwingine huko ni wapi? Kwanza ni kwenye saa ya ukutani. Mwaka 1954 daktari Emanuel Friedman wa New York alichora mstari unaoonyesha jinsi njia inavyofunguka, na kutokana na kazi yake wengi walishika kwamba uchungu ukishakolea, njia sharti ifunguke walau sentimita moja kila saa. Mwaka 1972 Philpott na Castle, wakifanya kazi katika nchi iitwayo Zimbabwe leo, walitengeneza chati yenye mstari wa tahadhari na mstari wa kuchukua hatua, ili mkunga wa kituo cha mbali ajue mapema ni nani wa kupelekwa hospitali. Chati hiyo ni moja katika zawadi ambazo Afrika iliipa dunia, na imeokoa wengi wasipasuke kizazi na wasipate fistula. Lakini kilichoanza kama kengele ya kumwamsha mlinzi, mahali pengine kiligeuka kuwa fimbo ya kumharakisha mzazi. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kwamba kasi ya sentimita moja kwa saa ni kubwa mno kwa baadhi ya wanawake, na kwamba kasi ndogo peke yake isiwe sababu ya kutia mkono.

Pili ni kwenye mazoea. Kwa miongo mingi kuongezewa njia kwa mkasi kulifundishwa kama wajibu kwa kila mwenye mimba ya kwanza, kwa hoja kwamba mchano ulionyooka ni bora kuliko mpasuko wa kujitokea. Mwaka 1993 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa Argentina kwa wanawake wapatao 2,600. Katika kundi moja walikatwa zaidi ya wanane katika kila kumi, katika kundi jingine watatu tu. Majeraha makubwa hayakuzidi kwa wale walioachwa. Mkasi uliotumika kwa nia ya kulinda haukuwa umelinda. Hapa hakuna mwovu wa kunyooshewa kidole. Wako watu wema waliorudia walichofundishwa na watu wema. Lakini jeraha halijui nia.

Tatu ni kwenye mfuko na ratiba. Brazil ni mfano unaotajwa sana: zaidi ya nusu ya watoto wa nchi hiyo huzaliwa kwa kupasuliwa, na katika hospitali binafsi ni zaidi ya wanane katika kila kumi. Haiwezekani kwamba nyonga za wenye bima ni nyembamba kuliko nyonga za maskini wa nchi ile ile. Upasuaji hupangwa, huchukua muda mfupi, humwacha daktari na usiku wake. Uchungu haupangwi. Nne ni kwenye hofu: hofu ya daktari kushitakiwa, hofu ya mama kuumia, hofu ya familia. Na katika sababu zote hizo, mama huambiwa neno moja tu, kwamba ni kwa ajili ya usalama wa mtoto. Hakuna mama atakayebishana na neno hilo. Ndiyo maana mwenye kulitumia bila ukweli anatenda kosa kubwa kuliko uongo wa kawaida, kwa kuwa anashika kilicho kitakatifu zaidi kwa msikilizaji na kukifanya mtego.

Wengine husema: kuna ubaya gani? Mama yu hai, mtoto yu hai, jeraha litapona. Wahenga walijibu zamani kwamba mwenye kovu usidhani kapoa. Kovu la kizazi hubaki na habari zake. Katika mimba inayofuata kondo laweza kujishikiza juu yake, au uchungu ukalipasua. Katika nchi tajiri hatari hizo hupunguzwa kwa damu ya akiba, chumba cha upasuaji kilicho wazi usiku kucha na gari lenye mafuta. Mama wa kisiwani ambaye mimba ijayo itamkuta mbali na hospitali, huku bahari imechafuka na chombo hakiondoki, analipa bei nyingine kwa kovu lile lile. Utafiti wa hospitali za nchi 22 za Afrika uliochapishwa mwaka 2019 ulikuta kwamba zaidi ya mama 5 katika kila 1,000 waliopasuliwa walifariki, kiasi kinachokaribia mara hamsini ya kile cha nchi tajiri. Kisu ni kile kile, lakini mahali kinaposhikwa hubadili uzito wake.

Hadi hapa msomaji anaweza kudhani kwamba hukumu imekwisha tolewa, na kwamba hospitali njema ni ile inayopasua kidogo. Haraka hiyo ndiyo iliyowaponza wengi. Mwaka 1985 wataalamu waliokutana Fortaleza, Brazil, chini ya Shirika la Afya Duniani walisema hakuna sababu ya eneo lolote kuvuka asilimia 10 hadi 15. Tarakimu hiyo ilikusudiwa kwa jamii nzima, lakini ilishuka ikawa kipimo cha hospitali moja moja, na hatimaye ikawa fahari. Nchini Uingereza, hospitali za Shrewsbury na Telford zilijulikana kwa miaka kwa kiwango chao kidogo cha upasuaji. Mwezi Machi 2022 ilitoka ripoti ya uchunguzi ulioongozwa na mkunga Donna Ockenden. Ilieleza kwamba watoto 201 na akina mama 9 huenda wangeishi lau wangepata huduma bora, na kwamba hamu ya kutopasua ilichangia baadhi ya misiba hiyo. Mwezi mmoja kabla ya hapo uongozi wa huduma za afya wa England ulikuwa umeziambia hospitali ziache kutumia kiwango cha upasuaji kama kipimo cha ubora. Basi subira nayo ina makaburi yake. Mama aliyeachwa agonge mlango uliofungwa kwa jina la uzazi wa kawaida amedhulumiwa sawa na yule aliyepasuliwa kwa jina la usalama. Wote wawili walitumikia fikra ya mtu mwingine.

Na katika sehemu kubwa ya Afrika ya Mashariki, kisu hakijawa kingi kwa wote. Kwa wengi hakifiki. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 hadi 2016 ulionyesha kwamba Tanzania ni asilimia 6 tu ya watoto waliozaliwa kwa kupasuliwa. Ndani ya wastani huo wamo mama wa mjini aliyepasuliwa bila haja na mama wa shamba aliyekufa akisubiri usafiri. Wastani huwajumlisha na kuwafanya waonekane kama mtu mmoja mwenye afya. Mwaka 2016 jarida la The Lancet lililieleza jambo hili kwa maneno mawili: kuna huduma iliyo haba mno na ya kuchelewa mno, na kuna huduma iliyo nyingi mno na ya mapema mno. Ni methali zile zile mbili za Pwani, sasa zimevaa koti jeupe. Shirika la Afya Duniani lenyewe, katika tamko lake la mwaka 2015, liliacha kukimbilia tarakimu na kusema kwamba juhudi zote zielekezwe katika kumpatia upasuaji kila mwanamke anayeuhitaji.

Zanzibar ina ushahidi wake katika mjadala huu. Katika hospitali ya Mnazi Mmoja, mkunga mmoja aliweza kujikuta na wazazi watatu hadi sita kwa wakati mmoja. Miongozo ya kimataifa ilimtaka asikilize moyo wa kila mtoto kila baada ya muda mfupi, jambo ambalo kwa hesabu ya mikono na dakika haliwezekani. Kuanzia mwaka 2014 wakunga na madaktari wa hapo, pamoja na watafiti kutoka nje, waliketi wakaandika mwongozo wao wa kurasa chache unaoingia mfukoni, uliopima kilicho bora kwa kile kinachowezekana, wakausoma pamoja katika mafunzo yaliyorudiwa kila baada ya miezi michache. Kazi hiyo iliitwa PartoMa. Matokeo yaliyochapishwa yalionyesha kwamba watoto waliozaliwa wafu walipungua kutoka 59 hadi 39 kwa kila vizazi 1,000. Hakikununuliwa chombo cha ajabu. Majengo yalikuwa yale yale na mikono ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni kwamba watu walioambiwa wafanye lisilowezekana walipewa linalowezekana, nao wakalifanya.

Funzo hilo lina uzito wa kimaadili, kwa sababu watu hupenda kuitafuta haki ya mzazi katika moyo wa mkunga peke yake. Mkunga mkali hulaumiwa, na ukali hauna utetezi. Lakini sheria ya kale ya maadili husema kwamba hapana wajibu pale pasipo na uwezo. Mtu mmoja kati ya wazazi sita atawaacha watano kila anapomshika mmoja, hata awe na moyo wa dhahabu. Akiwahi kisu mapema, huenda anaogopa kwamba baadaye hatakuwapo wa kumwona. Akichelewa, huenda alikuwa kitanda cha pili. Kwa hiyo tofauti baina ya hospitali na hospitali si tofauti ya tabia za watu tu. Ni maamuzi yaliyokwisha fanywa ofisini, katika bajeti, katika orodha ya zamu, na watu ambao hawamsikii mzazi akilia. Hao nao wametia mkono, ingawa mikono yao haina damu.

Ni kipimo gani basi kinachoweza kusimama baina ya methali mbili? Kipo kimoja ambacho hakihitaji mashine. Sababu ya kutia mkono, au ya kutotia, iwe ni sababu inayoweza kusemwa mbele ya mzazi mwenyewe kwa lugha anayoielewa, naye akiisikia aione ni yake. Sababu ya kwamba mtoto wako anachoka, moyo wake unashuka na haupandi, inaweza kusemwa. Sababu ya kwamba zamu inakwisha saa nane haiwezi kusemwa. Sababu ya kwamba hospitali hii hujivunia kutopasua haiwezi kusemwa pia. Yeyote anayeificha sababu yake nyuma ya nyingine amekwisha jihukumu, kwani amekiri kwamba mama angeijua angeikataa.

Mahakama Kuu Kabisa ya Uingereza ilifika karibu na kipimo hiki mwaka 2015, katika kesi ya Montgomery dhidi ya bodi ya afya ya Lanarkshire, Scotland. Mama huyo alikuwa na kisukari na umbo dogo, na mtoto wake alikuwa mkubwa. Hatari ya mabega ya mtoto kukwama ilikuwa karibu asilimia 9 hadi 10, na daktari hakumwambia, kwa hoja kwamba wanawake wakiambiwa watataka kupasuliwa. Mabega yalikwama, na mtoto akazaliwa na ulemavu. Majaji walisema mgonjwa ana haki ya kuelezwa hatari ambayo mtu katika hali yake angeiona ni ya maana, pamoja na njia nyingine zilizopo. Nia ya daktari ilikuwa kumkinga mama na kisu. Kosa lake lilikuwa kuamua kwa niaba ya mtu aliyekuwa macho, mwenye akili timamu, na mwenye mwili unaohusika.

Atatokea wa kuuliza: na yule mama anayeomba mwenyewe apasuliwe, bila sababu ya tiba? Je, kumkubalia si kuheshimu uhuru wake? Swali ni la haki, na jibu lake linataka utulivu. Uhuru wa mtu hupimwa pia kwa milango iliyo wazi mbele yake. Mama aliyewaona dada zake wakitukanwa katika uchungu, wakilazwa wawili kitanda kimoja, wakiachwa peke yao usiku, akaja na fedha mkononi kuomba kisu, huyo hajachagua kisu, amekimbia wodi. Mama mwingine aliyeelezwa yote, aliyehakikishiwa mkunga wa kukaa naye, na bado akasema hataki, huyo amechagua, na uchaguzi wake una heshima yake. Hospitali haina ruhusa ya kuwachanganya hawa wawili na kuita hofu ya mmoja uhuru wa mwingine. Kwanza iisafishe wodi, ndipo iulize wazazi wanataka nini.

Yako mambo ambayo yangewezekana bila kungoja utajiri. Hospitali ingeweza kuhesabu kwa makundi yale kumi na kuyabandika matokeo ukutani. Mwaka 2015 Brazil ilizitaka kampuni za bima ya afya zimweleze mama anayeuliza kiwango cha upasuaji cha hospitali na cha daktari wake. Ikiwa nchi iliyozama namna ile iliweza kuanza, kisiwa chenye hospitali zinazohesabika kinaweza. Madaktari na wakunga wangeweza kukutana kila asubuhi na kuelezana, bila kusutana, kila kisu cha usiku kilikuwa na sababu gani, na kila kuchelewa kulikuwa na sababu gani. Na mzazi, kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, angeweza kuambiwa yaliyompata na kwa nini. Wanawake wangapi wana makovu ambayo hawajui yalitoka wapi! Mama huyo akibeba mimba nyingine na kuulizwa mbona ulipasuliwa, hujibu: walisema tu.

Mila za Pwani zilikuwa na namna yake ya kulikumbuka deni la uzazi. Mwanamke akijifungua alifungwa mkaja tumboni, akakandwa kwa maji ya moto, akawekwa ndani siku arubaini, akihudumiwa na wanawake waliojua alikotoka. Na bintiye alipoposwa, katika haki zilizotolewa na upande wa mume ulikuwamo mkaja wa mama. Mkwe alilipa kwa ajili ya tumbo ambalo hakulifunga yeye, miaka mingi baada ya uchungu wenyewe kusahaulika. Haikuwa bei, kwa kuwa uchungu hauna bei. Ilikuwa ni kukiri mbele ya watu kwamba mwanamke fulani, usiku fulani, aliumia ili mtu awepo duniani, na kwamba maumivu hayo yana mwenyewe.

Hospitali imechukua nafasi ya wale wanawake waliojua alikotoka mzazi, na imefanya mengi ambayo wao hawakuyaweza. Haikatazwi kuwa na kisu, wala haikatazwi kungoja. Lakini imerithi pamoja na kazi hiyo deni lake, na deni la kwanza ni jibu. Wale wanawake wawili wa usiku mmoja wakikutana siku moja kliniki, watoto mgongoni, watasimuliana. Wa pili atauliza, kwa nini mimi? Ikiwa lipo jibu lililo la kweli, naye alipewa, basi tofauti baina yao si dhuluma hata kama ni chungu. Ikiwa halipo, au lipo na limefichwa, hakuna tarakimu ya asilimia itakayoifanya kuwa haki.